Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wazazi na Walimu, Mwaka 2025

Baba Paroko, Sista Mkuu wa shule, ndugu wazazi, walezi na walimu: Tumsifu Yesu Kristo. Na wenzetu Waislamu mliotuamini na watoto wenu, asalamu alaikum. Natumia Kiswahili kama kawaida, maana hapa Busia ukianza na Kisamia, Mteso ananuna, na ukienda Kiganda, mzazi wa ng'ambo ya mpaka, kule Kenya, anabaki kutukodolea macho.

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nitasema ya ibada na sikukuu.

Pasaka iliangukia Aprili 20, muhula wa kwanza haujaisha, hivyo watoto wa bweni walikesha nasi. Kesho yake tukapata habari kwamba Papa Fransisko amefariki. Alipoadhimisha Misa Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda, Novemba 28, 2015, hawa wa darasa la saba walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Mama mmoja akaleta kitenge chake cha mwaka ule chenye sura ya Papa, kimepauka kwa kufuliwa, kona moja imeunguzwa na pasi. Tukakitandaza mbele ya altare. Nimeona mazishi yenye mashada ya bei kubwa, ila utulivu wa siku ile kwa watoto zaidi ya darasa moja sijauona tena.

Kwangu mimi, hata hivyo, mwaka huu ulikuwa mwaka wa miguu.

Kila mwisho wa Mei mahujaji kutoka Kenya huvuka mpaka na kupita getini kwetu wakielekea Namugongo, kupitia Iganga, Jinja na Mukono, ili wawahi Juni 3, sikukuu ya Mashahidi. Siku zote tuliwapa maji na kuwapungia mkono, basi. Safari hii Sista akaomba kundi moja lilale madarasani. Kamati ilibishana, na mimi nilikuwa kwa waliokataa: niliogopa wizi, niliogopa na vyoo. (Vyoo vilijaa kweli. Lakini tulishindwa kwa kura, na nashukuru tulishindwa.)

Walifika usiku, wamelowa. Darasa la sita walikuwa wamepasha maji na kuyatia chumvi. Nilimwona mvulana mmoja, mtundu ambaye jina lake halikosi kwenye ubao wa wachelewaji, amepiga magoti akimvua mzee soksi iliyogandana na malengelenge. Akaivuta kidogo, akailowesha, akavuta tena. Mzee, ili asigumie, akawa anamsimulia habari za Kizito, mdogo kuliko mashahidi wote, aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886 akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Mvulana akauliza, "Na yeye alitembea?" Akajibiwa: alitembezwa, amefungwa kamba, kutoka Munyonyo. Mtoto hakuuliza tena, akaendelea na soksi.

Aliyesimamia sufuria za posho (ugali) na maharagwe hadi saa sita usiku ni mama wa Kiislamu, mtoto wake yuko la nne. Alinikataza kumtaja, namtaja nusu.

Wazazi na walimu wachache nao walikwenda hija kwa niaba yetu. Asubuhi ya Juni 3 zikaja habari za mlipuko karibu na kanisa la Munyonyo. Wetu walikuwa Namugongo, upande mwingine wa jiji la Kampala, salama, lakini simu hazikupatikana na uwanja wa shule ukajaa ndugu zao. Mwakani hakuna kundi litakaloondoka bila kuacha ofisini orodha ya majina na namba za simu.

Sasa Komunyo ya Kwanza, na hapa nitawaudhi baadhi yenu. Juni 22, Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, mwenye mahema tuliyemlipa nusu ya pesa hakutokea. Tukasali chini ya mwembe, na Misa ilipendeza. Kilichoniuma si mahema. Kuna keki zilizoletwa kwa gari la kukodi kana kwamba ni harusi, na kuna msichana aliyejua mafundisho yote ya katekista, aliyetaka kubaki nyumbani kwa sababu bibi yake hakuwa na pesa ya gauni jeupe. Mwalimu alimfuata kwa boda boda, akamvika la binti yake, likiwa limefungwa pini mgongoni. Kamati inapendekeza shule ishone kanzu nyeupe za kuazimana, za wavulana na wasichana, na keki zikatiwe majumbani. Tutapiga kura leo.

Kipaimara kilikwenda vizuri parokiani. Rozari ya Oktoba ilihudhuriwa na walewale. Kwaya inahitaji ngoma mpya, ya sasa imepasuka ngozi.

Mwisho, mabeseni manne ya jikoni yaliyoazimwa usiku ule wa mahujaji hayajarudi. Aliye nayo ayalete kabla hatujafungua Februari, hata usiku, hatutauliza.