Daktari akiumwa moyo, afungue faili kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongelee madaktari wetu, sio posho wala mishahara maana hayo yanaandikwa kila siku, nataka kusema habari ya vichwa vyao tangu ile korona ipite.

Mi naishi Nyegezi na shemeji yangu ni daktari kwenye hospitali moja kubwa hapa Mwanza, sitaitaja. Lile wimbi la 2021 lilimkuta wodini, wagonjwa wanaletwa kutoka Sengerema, Geita, mpaka Ukerewe huko, sisi mtaani tunasema ni changamoto ya upumuaji tunajifukiza nyungu na kununua malimao, kumbe mwenzetu ndo anaamua mtungi wa oksijeni uliobaki uende kitanda gani. Miaka imepita sasa. Lakini mpaka leo kijana wa gesi akishusha mtungi pale getini, kile chuma kikigonga saruji, shem anaacha anachofanya, anasimama, anaangalia mlangoni, alafu anakaa tena kama hakuna kitu. Watoto washamjulia, wakisikia bodaboda ya gesi wanakimbia wao kumwambia ashushe taratibu.

Nikamwambia shem, si ukaonane na wataalamu, hapohapo kwenu kuna kliniki ya afya ya akili. Akacheka, akasema nikafungue faili kwa nani? Na ukikaa ukafikiria kweli. Wa mapokezi anamjua, nesi wa kliniki wanakula wote kantini, daktari wa kumsikiliza kesho asubuhi wako naye kwenye kikao kimoja, na dawa akiandikiwa anaenda kuzichukua dirishani kwa mtu anayemwamkia kila siku "shikamoo dokta". Jioni haifiki hospitali nzima ishajua, na mtaani kwetu mnajua wenyewe, mtu kakosa usingizi tu kaenda kitengo kile basi keshaitwa chizi, apelekwe Mirembe. Nani tena atakubali apasuliwe naye?

Na hii hofu sio ya Mwanza peke yake. Kule New York alikuwepo daktari Lorna Breen, mkuu wa idara ya dharura, alijiua Aprili 2020 korona ikiwa imepamba moto, na familia yake walisema alikuwa anaogopa akijulikana ametibiwa afya ya akili atapoteza leseni. Marekani wakatunga sheria yenye jina lake, ikasainiwa Machi 2022, inatoa fedha za kusaidia afya ya akili ya watumishi wa afya. Sisi hatuna hela zao sawa, ila siri haihitaji dola.

Alafu tusijidanganye kwamba yameisha. WHO walitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023, lakini kabla hata ya siku hiyo, Machi, Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaoua, ilikuwa ishatangazwa Kagera, hapo Bukoba unapanda meli jioni asubuhi umefika, na mhudumu wa afya alikuwemo kati ya waliokufa. Januari 2025 ikarudi tena Biharamulo. Wanaotegemewa kupokea wagonjwa wa namna hiyo ni walewale ambao hata usingizi wa 2021 hawajaulipa.

Najua wakubwa wakisoma hapa wataitisha semina, siku moja, chai na sambusa, mtu anasimama na projekta anafundisha stresi ni nini, daktari anasaini mahudhurio anarudi zamu. Hapana jamani. Tunachoomba ni daktari wa Mwanza aweze kuhudumiwa na mtaalamu wa Shinyanga au Musoma au popote, hata kwa simu, kwa namba isiyo na jina, na hiyo faili isipite kabisa mezani kwa mwajiri wake. Manesi na wahudumu wa wodi nao waingizwe humohumo, wao ndo walikuwa wanafunga miili. Na Baraza la Madaktari litoe tamko la maandishi, libandikwe kwenye mbao za matangazo, kwamba mtu kutafuta ushauri hakumgusi leseni yake. Muda uwe mchana au jioni, maana anayetoka zamu ya usiku asubuhi anataka kitanda tu.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza