Presha ya ukoo isiwe sababu ya kuacha dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu kauli ambayo huku Mbagala naisikia kila nikitoa mashine ya kupimia, na siku hizi naikuta hata magazetini: kwamba presha iko kwenye damu ya Mwafrika, kwa hiyo hakuna la kufanya. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kina mama wa kikoba chetu wakishamaliza kununua hisa huwa nawapima pale pale barazani, na nasema kwa uchungu kwamba kauli hii inatumaliza.

Juzi mama mmoja anayekaanga chips na mihogo pale Rangi Tatu alipandisha mkono wa dera, nikamfunga, mashine ikasoma 178 kwa 104. Nikamwambia akae atulie, nikarudia, namba ikabaki juu vilevile. Hakushtuka. "Sista, hii ni ya ukoo. Bibi alikuwa nayo, mama kaondoka na kiharusi, sasa ni zamu yangu." Dawa anazo ndani, ila anameza siku kichwa kikimgonga tu. Nikamuuliza kuhusu wadogo zake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa.

Kwamba ukoo unachangia, sikatai. Wataalamu wanakadiria kuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za shinikizo la damu baina ya mtu na mtu zinatokana na kurithi. Lakini yapo magonjwa machache tu, tena adimu, ambayo jeni moja (chembe ya urithi) iliyoharibika inatosha kuifanya figo ing'ang'anie chumvi na presha ipande tangu ujanani. Kwa sisi wengine, mambo yametawanyika. Kufikia mwaka 2018 watafiti waliolinganisha vinasaba vya watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamebaini sehemu zaidi ya 900 zinazohusika na shinikizo la damu, na nyingi kati ya hizo, kila moja peke yake, haipandishi presha hata kwa milimita moja ya zebaki, kipimo kile kile kinachosomwa na mashine. Mama wa chips hakurithi namba 178. Alirithi mwili ulio mwepesi kupandisha, kisha maisha yakafanya mengine.

Na hao waliochunguzwa walikuwa zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika ni wachache mno katika tafiti hizi, ilhali bara letu ndilo lenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani. Mwaka 2009 kundi la Profesa Sarah Tishkoff, mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, lilitoa matokeo kutoka jamii 121 za Afrika, wakiwemo Wahadzabe na Wasandawe wa hapa kwetu. Anayetuandikia habari za "jeni la Mwafrika" atuambie ni la nani: la Msandawe, la Mmasai au la Mndengereko?

Mara nyingi ukifuatilia utakuta kinachosemwa kuhusu Waafrika kimepimwa kwa Wamarekani weusi, ambao wazee wao wengi walitoka Afrika Magharibi. Mfano ni jeni ya APOL1. Mwaka 2010 iligundulika kwamba aina zake mbili zinamweka kwenye hatari kubwa ya ugonjwa wa figo mtu aliyezirithi kwa baba na kwa mama, na figo ikichoka presha nayo hupanda. Inaelekea zilienea kwa sababu zilimkinga mtu na vimelea vya malale vinavyoletwa na mbung'o. Lakini zimejaa zaidi Afrika Magharibi kuliko huku kwetu. Huwezi kuichukua hesabu ya Chicago ukaibandika Temeke.

Sasa tazama damu hiyo hiyo ikihama. Mwaka 1997 mtafiti Richard Cooper na wenzake walichapisha vipimo vya jamii zenye asili ya Afrika Magharibi: wenye shinikizo la juu walikuwa asilimia 16 Afrika Magharibi kwenyewe, 26 visiwa vya Karibiani, na 33 Marekani. Jirani zetu Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kando ya Ziwa Victoria kwenda kutafuta maisha Nairobi. Ndani ya miezi ya mwanzo tu shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la ndugu waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua, maana yake chumvi nyingi, matunda na mboga kidogo. Vinasaba havibadiliki kwa safari ya basi.

Chumvi hiyo naiona pale Rangi Tatu. Chips zinatiwa chumvi zikitoka kwenye mafuta, kachumbari ina yake, na mteja akishapewa sahani anaomba kopo anyunyize tena kabla hajaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai.

Wala asije mtu akadhani dawa hazifanyi kazi kwa damu yetu. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa mbili unashusha presha, na ule wenye amlodipine ndani yake unashusha zaidi. Amlodipine ndiyo kidonge kile kile kilicholala kwenye droo ya yule mama. Kinamezwa kila siku, kichwa kiume kisiume.

Ombi langu kwa wenye zahanati ni dogo. Mtu akikutwa na presha, asiondoke kabla hajaambiwa alete ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wakubwa wapimwe. Na kliniki ya wajawazito, mama anapimwa presha kila hudhurio, huku mume aliyemsindikiza amekaa kwenye benchi na simu yake. Mashine iko mezani tayari. Afungwe naye, ni dakika mbili.

Muuguzi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam