Mjomba, kabla hujatia sahihi

Shikamoo Mjomba,

Ujumbe wako kuhusu nyumba yetu ya ufukweni nimeusoma: "Pale pameshakufa, tuuze tugawane." Nakujibu hadharani kwa kuwa najua si wewe peke yako uliyefuatwa na dalali.

Hujasema uongo. Vijana wamehama, nyumba za jirani zimefungwa kufuli hadi zimeota kutu, na samaki siku hizi wanafuatwa mbali. Paa letu linavuja na hela ya kuezeka mimi sina. Kwa hiyo sitakuhubiria mambo ya mababu.

Shida yangu ni kile kichochoro cha kushukia ufukweni. Kimo ndani ya hati yetu, wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha jiwe la mpaka nikiwa mtoto. Watu wanapita kwa mazoea tu, hawana karatasi ya kuwalinda. Unadhani mwekezaji anazitaka zile kuta zetu zilizopasuka? Atazibomoa wiki ya kwanza. Anachotaka ni njia ya ufukweni. Akiiziba, wavuvi hawana pa kupandishia mashua maji yakijaa, hawana pa kuanikia nyavu wala pa kuzishonea. Hapo majirani watauza kwa bei atakayoitaja yeye.

Kisha atajenga ukuta wa zege. Mchanga hulipokea wimbi likachoka taratibu. Ukuta hulirudisha na nguvu zake, nalo likirudi linachimba chini ya msingi na kuchota mchanga. Ufukwe wa mbele unapungua, na mara nyingi jirani wa pembeni asiye na ukuta ndiye anayeliwa zaidi.

Mwaka 2016 wakazi wa St Ives, Uingereza, mji wa wavuvi uliogeuka wa watalii, walipiga kura. Zaidi ya asilimia 80 walikubali kwamba nyumba mpya ziwe za watu watakaozifanya makazi yao makuu, si za kuja kupumzika na kuondoka. Lakini nyumba za zamani kanuni ile haikuzigusa, mwenye fedha bado aliweza kuzinunua. Na yetu, Mjomba, ni ya zamani.

Na hilo la kwamba watu wameshaondoka: Barbuda, kisiwa cha Karibiani ambacho ardhi yake ilikuwa ya wote, kilihamishwa wakazi wote baada ya kimbunga Irma mwaka 2017. Haukupita muda, serikali ikaibadilisha sheria ya ardhi ile, isiwe tena ya wote.

Kama ni lazima tuuze, tuandikishe kwanza haki ya kupita, iingie kwenye hati, ndipo dalali aitwe. Bei itashuka, najua. Fungu langu lianze kukatwa.

Nakuja Jumamosi. Hati usiitoe sandukuni. Jana nimepita kuangalia lile jiwe la mpaka; lipo, ila kuna mtu amelipaka rangi nyekundu.

Mpwa wako