Kasa hawauawi na wavuvi peke yao

Mhariri,

Ile habari yenu ya Jumanne kuhusu kasa wanaouawa Malindi imenitoa kimya cha miaka. Mwandishi wenu amemtaja mvuvi kila aya. Taa hakuzitaja hata mara moja.

Mimi ni mvuvi wa Shela. Hifadhi ya bahari ilipotangazwa mwaka 1968, marehemu baba aliambiwa aondoe madema yake kwenye matumbawe aliyoyajua tangu ujana. Akayaondoa, na sisi wanawe tukalelewa hivyo: ndani ya mipaka hapavuliwi. Wapo wanaokula nyama ya kasa, sikatai, na washtakiwe.

Lakini mwaka jana, usiku wa giza la mwezi, nilishuka pwani kabla ya alfajiri nikakuta mchanga umejaa nyayo ndogondogo, zote zaelekea bara. Mtoto wa kasa akitoka kiotani hufuata penye mwanga, na tangu Mungu aumbe dunia mwanga wa usiku uko upande wa bahari. Sasa pana hoteli imetundika mataa yanayomulika ufuo hadi asubuhi. Viumbe vile vya kuenea kiganjani vilikuwa vimerundikana chini ya ukuta, vingine vinaburutwa na kaa, vingine vimekwisha kukanyagwa na magari barabarani. Mayai yamekaa mchangani kama miezi miwili, bamvua halikuyafikia, nguchiro hakuyafukua, yaje kumalizwa na balbu! Nikawa nawaokota kwenye ndoo ya chambo niwapeleke majini. Askari wa lango akanijia na rungu, akiniuliza naiba nini. Nina miaka sitini na minane, nafukuzwa kama kibaka kwenye pwani niliyozaliwa.

Na ukuta huohuo ndio ulioziba njia yetu ya kushukia. Mama zetu wanaonunua samaki huzunguka mbali na beseni kichwani, jua la utosi, wakifika samaki wamelegea. Tukiuliza, twaambiwa kiwanja kina hati. Njia ile ilikuwepo kabla ya hati.

Naomba hivi: kila taa inayotazama bahari izimwe saa nne usiku. Ile ya lazima iwe nyekundu, ifunikwe juu, isizidi urefu wa goti. Ukuta utobolewe pengo la kupita watu wanne waliobeba mtumbwi. Na mwandishi wenu arudi Malindi, ila aje usiku. Nitamchukua mimi mwenyewe, na ndoo nitakuwa nayo.

Mvuvi,
Shela, Malindi