Kabla Hujauliza Bei, Soma Namba ya Tairi

Karibu kila anayeingia dukani kwetu Mombasa akisema anataka baiskeli ya safari ndefu huanza hivi: "Fundi, ipi ndiyo nyepesi?" Akishainyanyua ya alumini kwa mkono mmoja, moyo wake umeshatekwa. Sisi humwomba aiweke chini, achuchumae, asome maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa tairi.

Utaona kitu kama 47-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia, na hiyo ndiyo itakayoamua kama utafika. Black Mamba, ile baiskeli ya chuma ya wauza mkate, ni 635. Zile za mlimani za inchi 26 zinazojaa kwenye mitumba ni 559. Nyingi za barabarani ni 622. Tatizo ni kwamba 635 na 622 zote mbili huitwa "ishirini na nane".

Somo hili nililipia mwenyewe. Nilikuwa nimepita Samburu, njia ya Voi, tairi la nyuma likapasuka ubavu. Nikakokota hadi kituo cha mbele, nikapata duka, nikaomba ishirini na nane, nikapewa jipya bado limo kwenye nailoni. Kulivisha, likacheza kwenye ringi kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Ringi yangu ni 622, tairi lile ni 635. Milimita 13 tu! Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai barazani akaniangalia weee, kisha akasema, "Mwanangu, baiskeli yako haina ndugu huku." Nilirudi Mombasa juu ya lori lililokuwa likishuka bandarini.

Kwa hiyo anayekwenda Voi, Taveta au Nairobi tunamshauri achukue ya inchi 26, maana hiyo ina ndugu njiani, yenye fremu ya chuma, hata kama ni mtumba na rangi imechubuka. Chuma kikipata ufa, anayechomelea mageti atakiunga. Alumini si kila fundi anaiweza. Breki za mpira zinazobana ringi zinatosha. Za mafuta ni tamu, lakini zikivuja Mackinnon Road utamwita nani? (Ndiyo, za bei kubwa ndizo zenye faida kwetu. Lakini mteja akirudi juu ya lori, harudi tena dukani.) Kama tayari unayo ya 622, usiiuze. Beba tairi moja la kukunjwa, basi.

Gia watu huzitazama kwa wingi, wanahesabu 21, 24, 27. Tazama ndogo kabisa. Kutoka baharini hadi Nairobi ni karibu kilomita 480 na utapanda zaidi ya mita 1,600. Ukiwa na mzigo, kilima cha Mazeras peke yake kitakueleza. Ikiwa na meno 22 mbele na 32 au 34 nyuma, utapanda umekaa, polepole, bila kuua magoti.

Gurudumu la nyuma ndilo punda wa safari. Tunapenda liwe na spoki 36, na tunazikaza upya moja moja kabla hujaondoka, hata kwenye baiskeli mpya. Spoki hukatika zaidi upande wa friwili, yaani zile gia za nyuma, kwa sababu ndizo zinazovutwa sana, na huwezi kuibadilisha bila kutoa friwili kwanza. Hivyo chukua spoki nne za urefu ule ule, zifunge kwa utepe kando ya fremu, na uchukue kifaa cha kufungulia friwili. Ni kidogo, kinaingia mfuko wa shati. Wengi hubeba spana za kila namna wakakisahau hicho.

Mzigo usiuweke mgongoni. Jasho la Pwani litakuchubua kufikia Mariakani. Punda wa Lamu anajua: shogi huning'inia pande zote mbili, uzito sawa, chini. Fanya vivyo hivyo kwenye keria ya chuma, na kila asubuhi pitisha mkono kwenye skrubu zake, maana hulegea kimya kimya. Maji, beba lita tano. Kuna kituo kinaitwa Maji ya Chumvi, na waliokiita hivyo hawakuwa wakitania.

Ukifuata ufuo, uliza upepo kama wanavyouliza wenye majahazi. Wakati wa kusi utasukumwa kuelekea Malindi na Lamu. Wakati wa kaskazi, panga Lunga Lunga na Tanga. Ukikosea, utakanyaga siku nzima kama unayekwea ukuta. Na hewa ya bahari haina huruma na cheni: ifute kwa kitambaa kila jioni, tia mafuta kidogo, futa tena yaliyozidi.

Ukishanunua, usiondoke kesho yake. Pakia kila kitu, mpaka maji na sufuria, uende Kilifi, ulale, urudi. Ni kama kilomita 60 kwenda. Ukirudi tuletee baiskeli ikiwa bado imepakiwa vile vile, usioshe, usipange upya. Tutaona keria imesugua wapi na spoki ipi imelegea. Kukaza huko kwa mara ya pili hatutozi.