Betri za saa kwenye midoli: TBS ikague kifuniko

Mhariri,

Midoli na magari ya kuchezea yanayoimba na kuwaka taa yamejaa madukani, na mengi huendeshwa na betri bapa za duara, zile tunazoziita betri za saa. Naiomba TBS, Shirika la Viwango Tanzania, izitazame kwa jicho la pekee. Wengi wanadhani mtoto akimeza betri hiyo hatari ni sumu kuvuja, kumbe kinachounguza ni umeme.

Chukua CR2032. Tarakimu zenyewe zinasema: upana milimita 20, unene 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Ikimezwa na mtoto mdogo hunasa kwenye umio. Mate huunganisha pande zake mbili, umeme hupita, na upande wa hasi hujitengeneza alkali kali, ndugu wa kostiki ya kupikia sabuni. Ndani ya saa 2 umio unaweza kuungua vibaya, na kidonda huendelea kuchimba hata betri ikishatolewa. Betri iliyoshindwa kuwasha mdoli nayo bado inaunguza.

Kinga ni kifuniko. Viwango vya kimataifa vinataka betri ya mdoli isitoke bila bisibisi, au bila kufanya miondoko miwili kwa pamoja, na kifuniko kisifunguke mdoli ukianguka. Kipimo cha Ulaya, EN 71-1, huuangusha mara 5 kutoka sentimita 85. Bidhaa za bei poa hukwama hapo: skrubu imekazwa kwenye plastiki laini, ukiifungua mara mbili tatu meno yanalika, inabaki kuzunguka bure. Nyingine zina kiulimi chembamba tu kinachokatika mdoli ukigonga sakafu. Mkaguzi akipita Kariakoo na bisibisi na futi, hayo atayaona palepale dukani, hata kama mzigo uliingia na cheti.

Tena si midoli tu. Rimoti, mizani ya jikoni, mishumaa ya umeme na kadi zinazoimba hutumia betri hizohizo, lakini viwango vya midoli havizihusu. Australia ilianza kulazimisha kifuniko salama kwa bidhaa za nyumbani Juni 2022. Marekani ikapitisha Reese's Law, sheria ya usalama wa betri hizi, Agosti mwaka huohuo. Nasi tutunge kanuni inayoifuata betri popote ilipo, na betri za akiba ziuzwe kwenye pakiti isiyofunguka bila mkasi.

Mzazi anayeshuku mtoto amemeza betri asimtapishe wala asingoje dalili, kwani mwanzoni huweza kuwa kikohozi au kutoka udenda tu. Amkimbize hospitali yenye eksirei. Aliyetimiza mwaka 1 na anaweza kumeza apewe asali njiani, vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Kusaka asali kusicheleweshe safari. Daktari atajiwe betri mapema, maana kwenye picha hufanana na sarafu, isipokuwa ukingo wake huonesha duara mbili, moja ndani ya nyingine.

Fundi wa vifaa vya umeme,
Ilala, Dar es Salaam