Mwanangu, usivichukie vyama kabla hujamjua Lyon

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Huku sote hatujambo, na bibi yako anakuulizia kila jioni. Nimeusoma mjadala wenu wa darasani, na neno lako kwamba vyama ndivyo vilivyoiharibu Marekani, heri visingezaliwa. Hapo sikubaliani nawe. Na kwa kuwa unasoma Philadelphia, mji ambako vyama hivyo vilipata nguvu, nakujibu kwa kirefu.

Ni kweli George Washington aliwaonya wananchi wake juu ya uhasama wa vyama alipoaga mwaka 1796. Lakini wakati huo vyama vilikwishazaliwa, tena ndani ya baraza lake mwenyewe la mawaziri. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo na ianzishe benki ya taifa. Thomas Jefferson, aliyeshika Mambo ya Nje, aliona benki hiyo haina ruhusa ya Katiba na kwamba itawakabidhi nchi wenye fedha wa mijini. Washington akaitia saini sheria ya benki mwaka 1791. Mwaka huohuo Jefferson akampa mshairi Philip Freneau kazi ya kutafsiri wizarani kwa dola 250 kwa mwaka, na Freneau akafungua gazeti lililokuwa likimshambulia Hamilton. Serikali inamlipa mshahara mtu anayeipiga vita! Jefferson wanamsifu wengi, lakini jambo hilo mimi silikubali. Vita vya Ufaransa na Uingereza vilipoanza mwaka 1793, kila upande ukapata na taifa la kuegemea, ugomvi ukashuka hadi mitaani. Wafuasi wa Hamilton waliitwa Wafederalisti, wa Jefferson wakaitwa Warepublikani. Hao usiwachanganye na Warepublikani unaowasikia leo. Chama hiki cha sasa kilianza miaka ya 1850.

Sasa nikupe kisa cha mtu mmoja, Matthew Lyon. Alikuja Amerika akiwa kijana kutoka Ireland, akatumikishwa kulipa nauli ya meli, mwishowe akawa mbunge wa Vermont upande wa Jefferson. Januari 1798, humo ndani ya Congress Hall, jengo la Bunge hapo Philadelphia, Roger Griswold wa Connecticut alimkejeli kwamba aliwahi kufedheheka jeshini. Lyon akamtemea mate usoni. Wafederalisti wakataka afukuzwe bungeni, theluthi mbili haikutimia. Wiki mbili baadaye Griswold akamfuata alipoketi, akamshushia bakora kichwani. Lyon akajikokota hadi kwenye meko, akanyakua koleo la moto, wakaviringishana sakafuni hadi wenzao wakaja kuwavuta miguu.

Najua ukisoma hapo utasema: si ndiyo hayo ninayoyasema? Subiri.

Miezi michache baadaye Wafederalisti, wakiwa na Rais John Adams na mabunge yote mawili, walipitisha Sheria ya Uchochezi. Kumwandika vibaya Rais au Bunge kukawa kosa la jela. Makamu wa Rais hakutajwa katika ulinzi huo, na Makamu alikuwa Jefferson. Lyon alikuwa ameandika gazetini kwamba Adams ana uroho wa fahari na wa kusifiwa. Akahukumiwa miezi minne na faini ya dola 1,000. Wananchi wa Vermont wakamchagua tena angali gerezani.

Mwanangu, mimi nimekulia chini ya chama kimoja. Hadi mwaka 1992 sheria ya nchi yetu Tanzania haikuruhusu cha pili, na kura ya rais ilikuwa na jina moja tu, useme ndiyo au hapana. Kwa hiyo ninaposoma habari za Lyon sioni mate na bakora peke yake. Naona watu waliopata mahali pa kusimama wakaiambia serikali kwamba imekosea, na serikali ikashindwa kuwanyamazisha.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1800. Adams alipata kura 65 za wajumbe, yaani watu waliotumwa na majimbo kumchagua Rais, kila mmoja akipiga kura mbili. Jefferson na mgombea mwenza wake Aaron Burr wakafungana kwa 73, kwa sababu Katiba ya wakati ule haikutenganisha kura ya Rais na ya Makamu. Uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, majimbo 16, zikihitajika 9. Jefferson akawa na 8, maana Wafederalisti walimpigia Burr ili kumzuia. Upigaji kura ulianza Februari 11, 1801, theluji ikianguka, na Joseph Nicholson wa Maryland aliletwa amebebwa, anaungua homa, akapiga kura akiwa kitandani katika chumba cha pembeni, mkewe akimsaidia. Mara 35 hakupatikana mshindi. James Bayard, Mfederalisti na mbunge pekee wa Delaware, ndiye aliyelegeza kamba, akihofia nchi itavunjika. Februari 17 mbunge Mfederalisti wa Vermont akajiondoa ukumbini, na kura ya jimbo ikabaki mikononi mwa mtu mmoja: Lyon. Jefferson akapita. Adams aliondoka mji wa Washington alfajiri ya siku ya kuapishwa bila kumngoja mrithi wake, jambo lisilopendeza, lakini aliondoka. Hakuna jeshi lililoitwa.

Kasoro moja usiiache nje ya insha yako. Majimbo ya kusini yaliongezewa wajumbe kwa kuwahesabu watumwa, watano kama watu watatu, wala watumwa hao hawakupiga kura. Wako wanahistoria wanaosema bila hesabu hiyo Adams angeshinda. Jefferson mwenyewe alimiliki watu, Adams hakumiliki. Mwulize mwalimu wako analionaje hilo, na jibu lake uniletee.

Ni mimi baba yako.